Neno Lililotuzuia Njiani Halimo katika Orodha Yoyote

Mwezi wa Januari 2008, nikiwa ningali mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilipanda matatu mjini Homa Bay kuelekea Migori. Tulipita Rodi Kopany salama salimini, lakini kabla ya kufika Rongo tukakuta magogo na mawe yamepangwa barabarani, na kundi la vijana limesimama likiwa na rungu na panga. Hawakutuomba vitambulisho. Kila abiria alitakiwa kutaja jina lake na kijiji atokacho, kisha atamke neno moja tu la Dholuo: thuol, yaani nyoka.

Mimi nilitamka nikaachwa. Kando yangu alikuwa ameketi mama wa makamo aliyepakata kapu la omena. Alikuwa ameolewa katika boma la Wajaluo kwa zaidi ya miaka thelathini, na Dholuo yake ilikuwa nyepesi kuliko yangu, lakini alizaliwa Kisii. Alipotamka neno lile, wale vijana wakatazamana. Wakamwamuru ashuke.

Naomba radhi kwa msomaji asiyependa mambo ya fonetiki, maana hapa sina budi kueleza. Dholuo ina sauti mbili za aina ya t. Ya kwanza hutamkwa kwa kuugusisha ulimi kwenye meno, na ya pili kwa kuugusisha kwenye ufizi. Kwa sikio la Mjaluo hizo ni sauti mbili mbali kabisa: tho ni kifo, ilhali to ni lakini. Lugha nyingi za Kibantu hazina tofauti hiyo, na mtu aliyejifunza Dholuo ukubwani aghalabu huteleza papo hapo, hata akiwa amesahau kila kitu kingine cha kwao. Vijana wale hawakuwa wamesoma isimu, lakini walijua vizuri walichokuwa wakikisikiliza. Nami nilijua. Nilikuwa nimeandika insha juu ya konsonanti hizo mwaka uliotangulia na kupata alama nzuri. Nikanyamaza kimya.

Mama yule alijiokoa mwenyewe. Alitaja ukoo wa mumewe, akataja wakwe zake waliozikwa na mahali walipozikwa, akawauliza vijana wale wao ni wana wa nani. Dereva naye akatoa noti mbili tatu. Tukaruhusiwa. Tulipofika Awendo ndipo aliponigeukia akaniambia kwa Kiswahili: "Mwanangu, wewe neno lako lilikubaliwa. Mbona hukunisemea?"

Swali hilo sijalijibu hadi leo.

Mtindo ule wa kumpima mtu kwa ulimi haukuzaliwa Nyanza. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi waliviteka vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye aseme Shibolethi, na waliosema Sibolethi waliuawa. Biblia inataja watu 42,000. Kwetu Kenya, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Miji ya Nyanza ilivunjiwa maduka na kuchomwa, na familia zilizokuwa zimeishi humo kwa miaka mingi zikafungasha virago kwa sababu ya majina yao tu.

Kila mambo kama hayo yanapotokea, husikika sauti ya wale wanaoamini kwamba dawa ni kuwa na lugha moja. Tukizungumza lugha moja, husema, ukabila utakufa. Mimi mtu wa lugha ningefurahi sana kama ingekuwa kweli, maana ningepata kazi nyingi. Lakini historia ya Homa Bay na Migori inaikanusha dhana hiyo, na ushahidi wake ni Wasuba.

Mababu wa Wasuba walikuwa wasemaji wa lugha ya Kibantu waliovuka ziwa, wengi wao kutoka pande za Uganda, wakakaa Mfangano, Rusinga, Gwassi, Kaksingri na kwingineko kandokando ya Ziwa Viktoria. Profesa Henry Ayot aliiandika historia yao kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1979. Hapakuwa na vita vya kuwanyang'anya lugha yao. Wanaume wao walioa mabinti wa Kijaluo, na watoto wakanyonya Dholuo pamoja na maziwa. Sokoni palizungumzwa Dholuo, na shule na makanisa yalipokuja yakatumia vitabu vya Dholuo. Katika vizazi vichache wengi wa Wasuba wakawa Wajaluo kwa ulimi, na leo Kisuba kimo miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969 na kuliliwa na taifa zima kama kiongozi wa Wajaluo, alitoka katika jamii hiyo.

Kama lugha moja ingetosha, basi habari za nani ni Msuba na nani si Msuba zingekwisha zamani. Hazikwisha. Huibuka kila panapokuwa na cha kugawana: mpaka wa shamba, nafasi ya chifu, tiketi ya ubunge. Hapo ndipo lisikikapo neno la Dholuo ambalo nimelichunguza kwa miaka mingi: jadak, wingi wake jodak. Asili yake ni kitenzi dak, maana yake kukaa au kuishi mahali. Kwa hiyo jadak ni mkaaji tu, neno lisilo na ubaya wowote. Lakini kwa desturi ya ardhi, jadak ni yule aliyepewa mahali pa kujenga katika ardhi ya wenyewe, na wajukuu wake wanaweza kukumbushwa hivyo miaka mia moja baadaye. Kiswahili nacho hakijatakasika. Mwenyeji asili yake ni mwenye mji, na asiye na mji ni mgeni. Tunawafundisha watoto kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijasikia mwalimu akiwauliza watoto hao hilo jembe atalimia shamba la nani.

Mama yule wa matatu alikuwa na jina la namna hiyo pia. Mwanamke aliyeolewa Ujaluoni huitwa kwa kwao alikozaliwa maisha yake yote: nyar Kisii, binti wa Kisii. Nyumbani kwake jina hilo ni la mapenzi, na wajukuu humwita hivyo wakicheka. Barabarani Januari ile, jina hilo hilo lingemtoa roho.

Waingereza nao walipitia njia hii, nao walikimbilia lugha. Mwaka 2001, kati ya Mei na Julai, miji ya Oldham, Burnley na Bradford ilikumbwa na ghasia baina ya vijana wa Kizungu, vijana wenye asili ya Pakistani na Bangladesh, na polisi. Ripoti ya Ted Cantle, iliyotolewa Desemba mwaka huo, ilisema kwamba jamii hizo ziliishi maisha sambamba yasiyogusana: shule mbalimbali, mitaa mbalimbali, mahali mbalimbali pa ibada na pa burudani. Uchunguzi huo ulikuwa mzuri. Lakini wanasiasa walichokitilia mkazo zaidi ni Kiingereza: wahamiaji wajifunze, wafanyiwe mtihani. Vijana walioingia mitaani Bradford wengi wao walizaliwa huko huko, wakizungumza Kiingereza kwa lafudhi ile ile ya Yorkshire waliyo nayo majirani zao wa Kizungu. Walitukanana kwa lugha moja wakaelewana barabara.

Na mwaka 2024, baada ya watoto watatu wa kike kuuawa mjini Southport, kilichowasha moto ni jina. Jina la uongo la mshukiwa, lenye sura ya kigeni, lilienezwa kwenye mitandao kabla ya mahakama kuruhusu la kweli litajwe. Msikiti ukashambuliwa, na ghasia zikaenea katika miji mingi. Mshukiwa mwenyewe alizaliwa Cardiff.

Narudi nyumbani. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ilitoa mwaka 2022 orodha ya maneno ya chuki ambayo wanasiasa walitakiwa kuyaepuka. Humo mlikuwa na madoadoa, neno lililotumiwa Bonde la Ufa tangu ghasia za miaka ya 1990 kwa maana ya watu wasio wa pale. Siilaumu tume. Doa ni kitu kinachofutwa, na anayemwita jirani yake doa amekwisha kusema anachotaka kumtendea. Hata hivyo, neno lililomshusha mama yule kwenye matatu halimo katika orodha hiyo, wala haliwezi kuwamo. Ni jina la mnyama. Chuki haihitaji neno baya. Huchukua lolote lililo karibu, hata nyoka.

Sheria nyingine naiona ina manufaa zaidi ijapokuwa haizungumzi habari za lugha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziwaendee wasiotoka katika kabila kubwa la mahali. Migori, yenye watu 1,116,436 kwa hesabu ya mwaka 2019, ina Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengineo, na tangu 2013 magavana wake Wajaluo wamekuwa na manaibu Wakuria. Wakuria wangali wanalalamika, na wengine wanataka kaunti yao. Lakini mtu anayelalamika katika ofisi yenye jamaa yake hajafika mahali pa kuweka magogo barabarani.

Shuleni ndiko ninakoona kosa letu, nami naliona kwa sababu ni la watu wa kazi yangu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na ambapo wanafunzi wamechanganyika, kwa Kiswahili. Katika miji kama Migori, shule hazifuati hivyo daima. Nimeketi nyuma ya darasa moja ambapo mwalimu, mtu mwema na mwenye bidii, alifundisha kwa Dholuo tupu huku watoto wanne wa Kikuria na mmoja wa Kisomali wakitazama mdomo wake. Nilipomuuliza, alijibu kwamba watazoea. Ndiyo, watazoea. Na wale arobaini wengine nao watazoea kwamba darasa ni lao.

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza habari ya matatu ile. Safari moja msichana kutoka Kehancha aliniuliza leo ningesema nini. Nikamwambia ningesema: huyu ni mama yangu. Akafikiri kidogo, akasema kwamba hilo lingemwokoa mama yule pekee. Je, kama kungekuwa na Wakisii sita ndani ya gari? Darasa likacheka, mimi sikucheka.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027. Walimu wa Migori na Homa Bay wana mihula kadhaa mbele yao. Ningewaomba watenge kipindi kimoja kwa juma ambapo mtoto wa Mjaluo atajifunza kusalimu na kuhesabu kwa Kikuria au Kikisii, akifundishwa na mwenzake wa dawati moja, na makosa ya matamshi yachekewe na wote wawili, pande zote mbili. Mtoto wa Kikuria atamfundisha mwenzake irabu saba, naye afundishwe ile t ya meno.