Herufi za katuni zauza Rusizi, Kifaransa chazikwamisha

HERUFI nene zilizovimba kama puto, moja imeinama, nyingine imeruka juu, huvuta haraka macho ya mteja kwenye pipi, biskuti na karanga za paketi. Lakini kwa mfanyabiashara wa Kamembe, wilayani Rusizi, anayeuza pia Bukavu ng'ambo ya mto, zina mtego unaoweza kuonekana wakati mzigo umekwisha kuchapwa.

Mtego ni Kifaransa. Mteja wa Bukavu hupatana bei kwa Kiswahili, ila maandishi ya kwenye bidhaa amezoea kuyasoma kwa Kifaransa. Kiswahili na Kinyarwanda havihitaji alama juu ya herufi. Kifaransa hakiendi bila é, è na ç. Fonti nyingi za katuni zinazopatikana bure mtandaoni zilichorwa kwa ajili ya Kiingereza, na herufi hizo hazimo.

Hivyo "Unga wa mahindi" hutoka vizuri, lakini "Farine de maïs" hutoka na kisanduku kitupu mahali pa ï, au kompyuta huchomeka herufi nyembamba ya fonti nyingine katikati ya zile nene. Ni vyema kumtaka mchapaji aandike é, è, ê, ç na ï kwa fonti hiyo hiyo, mwenye bidhaa azione kwa macho yake, ndipo malipo yafuate.

Hilo "bure" nalo lina masharti. Fonti nyingi huruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Kuziweka kwenye bidhaa ya kuuzwa kunahitaji leseni.

Wakongo, kwa kweli, hawakungoja kompyuta. Chéri Samba, mchoraji mashuhuri duniani, alianza Kinshasa miaka ya 1970 akichora mabango na vibonzo, akichanganya picha na maneno. Brashi haikosi é. Comic Sans, fonti ya vibonzo inayojulikana kuliko zote, ilichorwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 tu.

Tatizo jingine ni karatasi. Tangu Rwanda ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, bidhaa nyingi hufungwa kwenye karatasi ya kaki, ambayo hunywa wino. Herufi nene ikichapwa ndogo, matundu ya a na e huzibika, na 6 husomeka kama 8. Kwenye jina la bidhaa hilo ni dosari ya sura. Kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi, ni sababu ya mzigo kuzuiwa.

Kanuni za kimataifa za Codex, za mwaka 1985, zinataka maelezo ya lebo ya chakula yawe wazi, yasomeke kwa urahisi na yasifutike. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina kiwango chake cha lebo, EAS 38. Kwa hiyo katuni ziachiwe jina la bidhaa. Uzito, viambato, nchi ilikotoka na tarehe viandikwe kwa herufi za kawaida, hata kama mchapaji atalalamika kwamba paketi imepoteza uchangamfu.