Skizofrenia: gharama kubwa haiko kwenye dawa

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 24 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, yaani mtu 1 kati ya 300. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Kwa kiwango hicho, wagonjwa nchini wangefikia takriban 206,000.

Ugonjwa huanza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, umri ambao familia ndiyo kwanza inatarajia matunda ya ada iliyolipa. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajifungia chumbani, haogi, anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Anasukuma sahani aliyopikiwa na mama yake akidai ina sumu.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya magonjwa mengine, na daktari huuliza pia kuhusu bangi na pombe. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa Marekani unataja dalili 5: kushikilia imani zisizo za kweli, kusikia au kuona visivyokuwepo, maneno yasiyoshikana, mwenendo uliovurugika, na kupoa kwa hisia na ari. Zinatakiwa angalau 2, moja ikiwa kati ya tatu za mwanzo, kwa mwezi 1. Na hali yenyewe iwe imedumu miezi 6. Ndiyo maana maelezo ya ndugu wanaoishi na mgonjwa yana uzito mkubwa.

Na gharama? Watafiti walikadiria kuwa skizofrenia iliigharimu Marekani dola bilioni 155.7 mwaka 2013. Matibabu yalichukua takriban robo tu. Asilimia 38 ilitokana na wagonjwa kukosa ajira, na asilimia 34 na kazi iliyopotea kwa ndugu wanaowauguza. Kwetu, mzigo huo wa ndugu hubebwa na mama au dada, bila kuandikwa popote.

Haloperidoli na klopromazini ni dawa za miaka mingi za ugonjwa huu, na ziko hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sindano ya flufenazini hufanya kazi kwa wiki kadhaa. Angalau mgonjwa 1 kati ya 3 anaweza kupona kabisa.

Kinachotufilisi ni kuchelewa: miezi ya kuzunguka kwa waganga, kijana akifungwa kamba kwa madai kuwa amelogwa. Ukiona dalili hizi nyumbani, andika zilipoanza, kisha mpeleke mgonjwa hospitali wiki hiyohiyo.