Kuonja Maji Katikati ya Safu

Msomaji mmoja ameuliza swali lililonikaa moyoni: maadamu programu huria haina tajiri wala duka la kuirudishia, kasoro ikizuka ndani yake hupelekwa kwa nani, na ampokeaye mlalamikaji hujuaje, baina ya mikono ya maelfu ya waandishi, ni mkono upi ulioileta?

Wengi siku hizi kasoro hiyo huiita mdudu, kwa kufuata Kiingereza. Sioni haja, kwani nondo aliyenaswa katika mashine ya hesabu huko Harvard mwaka 1947 ni wa kwao, na sisi tunalo neno kongwe, ila, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa doa la kitu na la mtu pia. Naam, hufanana na ila ya "isipokuwa", lakini anayesema "ila hii" au "ila kubwa" hawezi kueleweka vibaya.

Jinsi ripoti inavyopewa namba na kukabidhiwa msimamizi ni kazi ya karani yeyote, sitaieleza. Linaloniteka ni hili: kiini cha Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta aliyoianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hutoa toleo jipya kila wiki 9 au 10, lenye mabadiliko zaidi ya 10,000, na mtu akisema kwamba toleo la zamani lilimfaa, bali jipya limeinyamazisha kompyuta yake, mkosaji amejificha miongoni mwa mabadiliko hayo.

Hebu tasawari watu 1,000 wamejipanga safu kutoka kisimani hadi msikitini, wakipokezana ndoo za maji. Kisimani maji ni matamu, birikani yafika yana chumvi, na mmoja tu ndiye anayetia konzi ya chumvi kila ndoo impitiapo. Asiyejua hesabu ataonja kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata jua litue. Ajuaye huenda moja kwa moja kwa mtu wa 500, na maji yakiwa matamu, wote hao tangu kisimani wametakasika kwa mwonjo mmoja bila kuulizwa, na yakiwa ya chumvi, waliotakasika ni wale wa upande wa msikiti. Kisha huenda katikati ya waliosalia, na tena, na tena, na kwa mwonjo wa 10 amemshika mkono mtu mmoja. Na ajabu inayonifurahisha kila niifikiripo ni kwamba safu ikiwa ya watu 2,000, kazi huzidi kwa mwonjo mmoja tu!

Git, programu aliyoitunga Torvalds huyo huyo mwaka 2005, ndiyo iongozayo msako huu, nami nauita msako wa nusu: humrudishia mlalamikaji kiini kama kilivyokuwa katikati ya safu, naye hukijenga, huwasha kompyuta, hutega sikio kama sauti ipo, hutia alama ya njema au mbovu, ndipo apewe nusu nyingine, kwa mabadiliko 10,000 haizidi mara 14, mradi ila yenyewe si ya kuja na kutoweka. Mwishoni skrini hutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 40, ambao ndio jina la badiliko lililotia chumvi.

Mwenye badiliko hilo hupelekewa habari, na tengenezo likishaandikwa, chini yake hunakiliwa alama 12 za mwanzo za jina lile, ili ijulikane ni ila ipi iliyotibiwa, na kando yake mstari wenye jina la aliyeripoti, ambaye yumkini hajapata kuandika hata sentensi moja ya programu, nalo husalia katika kumbukumbu za Linux pamoja na majina ya wajenzi wake.