Mwigizaji Aliyeitangulia Runinga

Saluni ninakosukia nywele, hapa Tabata Kimanga, ina runinga ambayo haizimwi hata msusi akitoka kununua maji. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya James Bond, filamu ya zamani iliyotiwa maneno ya Kiswahili na DJ wa mtaani, yule anayemwita Bond "mwanangu" na kuwatabiria maadui kifo kabla risasi haijatoka. Akatokea bibi mwenye nywele fupi nyeupe, bosi wa Bond. Akasema machache, kisha akanyamaza akimkazia macho. Saluni nzima ikanyamaza naye. Hata DJ alisahau kutia maneno.

"Mwalimu," msusi akaniuliza, maana anajua nafundisha uigizaji, "huyu bibi kasomea wapi kutazama hivi? Na sisi tunaye wa namna hii?"

Nikamwambia tunaye. Kumweleza ni nani kulichukua mistari sita ya twende kilioni.

Bibi wa kwenye filamu ni Judi Dench, Mwingereza aliyezaliwa 1934. Alianza jukwaani mwaka 1957, akiwa Ophelia katika Hamlet ya Shakespeare, na kundi la Old Vic. Haikupita miaka mingi akawa pia kwenye runinga, kwa sababu kwao ilikuwapo tayari: BBC ilianza kurusha vipindi vya runinga mwaka 1936. Kwa waigizaji wa kizazi chake, jukwaa na runinga ni vyumba viwili vya nyumba moja, unatoka huku unaingia kule. Mwaka 1999 alipewa Oscar kwa kuigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love, filamu ambayo anaonekana kwa dakika nane hivi. Watu walishangaa dakika nane. Mimi nahesabu miaka 40 ya jukwaa iliyo nyuma yake.

Wa kwetu ni Amandina Lihamba, mwigizaji, mwongozaji, mwandishi wa tamthilia na profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alizaliwa 1944, miaka kumi tu baada ya Dench. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Sisi wa Bara tuliisikia kwa wageni. Piga hesabu: runinga inafika Dar es Salaam, Lihamba ana miaka 50. Miaka yote ambayo Dench alikuwa akiingia sebuleni kwa watu, mwenzake wa huku kwa kawaida alionwa na waliokuwa ukumbini siku hiyo, basi. Redio ilikuwapo, na ndiyo iliyowafanya Pwagu na Pwaguzi wajulikane nchi nzima bila watu kujua sura zao. Ndiyo maana msusi wangu anaweza kukutajia Kanumba, Ray na Johari, wote wa kundi la Kaole lililokuwa likirushwa ITV, na Lihamba hamjui. Umri wake na umri wa runinga havikuonana.

Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo watu hulipita. Jukwaani hakuna kurudia. Sauti lazima imfikie aliyekaa kiti cha mwisho, bila kipaza sauti na bila kupiga kelele, na kupiga kelele si kutoa sauti. Pumzi huvutwa hadi tumboni, neno likatolewa likiwa zima hadi silabi ya mwisho. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupayuka mpaka koo linakauka, na wa nyuma bado wanaulizana kasemaje. Kamera inataka kinyume chake: inakusogelea hadi kwenye kope, na ukiipa nguvu ya ukumbini unaonekana unagombana na ukuta. (Bongo movie nyingi zinachosha masikio kwa sababu hiyo. Kipaji kipo, ila mtu anamfokea mwenzake aliye hatua mbili mbele yake kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara.)

Kwa hiyo nikitaka kumpima mwigizaji wa jukwaani, namtazama anaponyamaza. Filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, mwaka 2001. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili aliyeacha kusema kwa miaka mingi, na daktari kutoka Marekani, Asira, anajaribu kumfikia. Fikiria mtu ambaye sauti ndiyo jembe lake, umempa shamba na jembe umelificha. Inabaki shingo, mabega, pumzi. Asiye na mazoezi akinyamaza mbele ya kamera huwa amesimama tu, anasubiri zamu yake ya kusema. Kule kutazama kulikoinyamazisha saluni ni kazi hiyohiyo.

Kabla ya hapo alikuwa ameonekana katika Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya 1985. Mwaka huohuo alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, akichunguza siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Kwa hiyo Uingereza alifika, ila hakwenda kubisha hodi BBC.

Na hapa njia zao zinaachana kabisa. Mwigizaji wa London husubiri wakala ampigie simu kwamba kuna uhusika. Huku, asiyeandika hana cha kuigiza. Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, iliyotoka 1980, akiichukua kutoka kwa Sembène Ousmane wa Senegal: mzee anatumiwa pesa kutoka Ufaransa na hawezi kuzitoa posta kwa kukosa kitambulisho. Ukiisoma leo ukiwa na laini ya simu iliyofungiwa, utacheka na utakasirika. Baadaye ikaja Mkutano wa Pili wa Ndege, 1992.

Hadhira nayo walikwenda kuitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye, Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kupikwa. Wanakijiji walitaja matatizo yao, wakayaigiza wenyewe, na wigashe, ngoma ya Kisukuma inayochezwa watu wamekaa, ikawa sehemu ya maonyesho. Kisha mwaka 1996 Lihamba na Mlama wakaanzisha Tuseme, mpango wa kuwafundisha wasichana wa sekondari kuyasema yanayowasumbua shuleni kwa kuyaigiza. Shirika la FAWE likauchukua na kuusambaza katika nchi nyingine za Afrika.

Kwa upande wangu, Tuseme inaingia kwenye orodha ya kazi zake za uigizaji, sawasawa na Samehe, ingawa wanaoandika wasifu huiweka kwenye ukurasa wa "maendeleo". Lakini jukwaa la Tuseme ni la shuleni. Ya mitaani yako wapi? Kumbi za Tabata ninazozijua mimi zina sendofu, harusi na kipaimara. Mchezo wa kuigiza sijaukuta.

"Sasa nikitaka kumwona nimtafute wapi?" msusi akauliza, akifunga rasta ya mwisho.

Sikuwahi kujibu. Mteja aliyekuwa chini ya draya, mama wa miaka arobaini na kitu, alikitoa kichwa nje. "Mimi nilikuwa Tuseme," akasema. "Niliigiza mwalimu wa nidhamu." Akasimama na rola zake kichwani, akavuta pumzi, akatuuliza kwa nini mwanafunzi aliyetukanwa ndiye anayeadhibiwa. Hakupaza sauti. Bodaboda waliokaa kivulini ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama.