Majani ya Chai na Uhifadhi wa Umeme

Ule unga mweusi uliomo ndani ya betri kavu ya tochi ni mchanganyiko wa kaboni na dioksidi ya manganizi. Oksidi hiyo imetumika katika seli za umeme tangu siku za Mfaransa Georges Leclanché, mwaka 1866. Mwaka 1999, Lee na Goodenough wa Marekani walionyesha kwamba yafaa pia katika kapasita kubwa, chombo kinachopokea na kutoa chaji kwa haraka kuliko betri. Kabla ya hapo iliyosifiwa zaidi ilikuwa oksidi ya rutheni, metali adimu na ya bei kubwa.

Katika chombo hicho, chaji hukaa karibu na uso wa chembe. Kiini hakifanyi kazi. Hebu tuchukue mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), jumla ya eneo huwa mita za mraba 600, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira wa wavu.

Chembe hizo hupatikanaje? Aghalabu hutumika kemikali kali. Njia iitwayo ya kijani hutumia maji yaliyochemshiwa majani. Chai, kwa mfano, ina polifenoli, ambazo huzipa elektroni ioni za pamanganeti ya potasiamu. Pasipo asidi, rangi ya zambarau hutoweka na mashapo ya kahawia ya dioksidi ya manganizi hujitokeza. Kadhalika, molekuli za mmea huzizunguka chembe changa na kuzizuia zisigandamane.

Hata hivyo, jani peke yake haliifanyi kazi kuwa safi. Pamanganeti hutengenezwa kiwandani kwa kuchoma mawe ya manganizi pamoja na hidroksidi ya potasiamu. Mara nyingi unga huokwa tena kwa mamia ya nyuzi za Selsiasi. Isitoshe, majani hutofautiana kwa udongo na msimu, hivyo chembe za leo huenda zisilingane na za kesho.

Basi mwanafunzi asikiapo sifa ya kijani na aulize: malighafi yametoka wapi, moto kiasi gani umetumika, na je, mwingine akirudia atapata chembe zile zile? Jaribio lenyewe lawezekana shuleni kwa mmumunyo hafifu, kwani pamanganeti kali huunguza ngozi. Kitakachoonekana ni rangi tu. Ukubwa wa chembe huhitaji hadubini ya elektroni.