Mumiani, Mnyonya-Damu na Dracula: Juu ya Mchezo wa Video Uliogeuzwa Kuwa Kitabu cha Picha

Katika mwaka 2005 kampuni ya IDW Publishing ya San Diego, Marekani, ilitoa hadithi ya picha yenye matoleo matano iitwayo Castlevania: The Belmont Legacy. Maneno yake yaliandikwa na Marc Andreyko, na picha zilichorwa na E. J. Su. Asili ya hadithi hiyo ni mchezo wa video wa kampuni ya Konami ya Japani, Castlevania: The Adventure, uliotolewa mwaka 1989 kwa chombo kidogo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hili lina nini hata lichukue nafasi mbele ya watu wa lugha. Jibu ni kwamba yeyote atakayejaribu kuisimulia hadithi hii kwa Kiswahili atakwama katika neno la kwanza: huyo anywaye damu za watu aitweje?

Kwanza yafaa tuutazame mchezo wenyewe. Mwaka unaotajwa ni 1576, na nchi ni ile ambayo leo ni Romania. Mtu mmoja aitwaye Christopher Belmont aingia katika milki ya Dracula akiwa na mjeledi, apite hatua nne, na mwisho apigane na Dracula mwenyewe, ambaye hugeuka popo. Hadithi yote ni hiyo. Kioo cha chombo hicho kilikuwa na vivuli vinne tu visivyo na rangi, na mwendo wa Christopher ni mzito kama wa mtu apitaye matopeni. Mjeledi wake huzidi nguvu akiokota tunu fulani njiani, lakini adui akimgusa, nguvu ile hupungua. Basi shauku ya mchezo haimo katika kujua litakalotokea, maana kila mtu alijua. Imo katika vidole vya mchezaji, katika hofu ya kupoteza alichokwisha kupata.

Andreyko na Su hawakuweza kuuchukua utamu huo na kuutia katika karatasi. Msomaji wa kitabu hashiki mjeledi. Kwa hiyo yaliyokuwa matupu katika mchezo yalibidi kujazwa: Christopher apewa Illyana, mwanamke wa kuoana naye, na pamoja naye apewa jambo la kuogopea, nalo ni urithi wa ukoo wake wa kuwinda. Mchezo hauna Illyana. Nionavyo, hilo ni badiliko la haki, kwa kuwa mtu asiye na cha kupoteza hawezi kuwa shujaa wa kitabu, ingawa aweza kabisa kuwa shujaa wa mchezo, ambamo cha kupotea ni saa za mchezaji mwenyewe.

Hapa sarufi yetu yaweza kutusaidia kuona tofauti. Msimulizi wa Kiswahili huunga matendo kwa -ka-: akaingia, akapiga, akaanguka, akafa. Kila tendo lasukumwa na lile lililotangulia, wala halirudi nyuma. Mchezo wa video wauvunja mnyororo huo kila mara. Christopher hufa shimoni, kisha yuko hai tena mlangoni, na mchezaji husema “nimekufa” bila kucheka, kisha huendelea. Wakati wake hasa ni hu-, wa mazoea na marudio. Kitabu cha picha huurudisha usimulizi katika -ka-, kwa gharama ya kumnyima mchezaji nafsi ya kwanza. Aliyekuwa “mimi” amekuwa “yeye”.

Kuhusu sauti sina mengi. Mchezo una muziki wake. Kitabu ni kimya, nacho huandika milio kwa herufi kubwa zilizochorwa. Mfasiri wa Kiswahili asione taabu hapo, kwani lugha iliyo na anguka pu, tumbukia chubwi na nyamaza ji haina haja ya kuazima milio kwa mtu.

Taabu iko katika majina. Kwa Kijapani mfululizo huu wa michezo, ulioanza mwaka 1986, huitwa Akumajō Dracula: akuma ni shetani, na jō ni ngome. Wazungu waliliacha jina hilo, wakaunganisha neno lao la ngome na mwisho wa Transylvania, nchi ya riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Mwana wa Dracula, atokeaye katika baadhi ya michezo hiyo, huitwa Alucard, jina lililokwisha kutumika katika filamu ya mwaka 1943. Ni Dracula lililosomwa kutoka nyuma. Wasemaji wa pwani waliozoea kinyume watatabasamu, ila wao hugeuza silabi, si herufi.

Kumtaja mnywa damu, Wajapani wana kyūketsuki, neno la vipande vitatu: kunyonya, damu, zimwi. Kiswahili nacho kina maneno, tena mengi kuliko inavyohitajika, lakini kila moja lina mwenyewe. Mumiani latokana na Kiajemi, ambako ni dawa nyeusi kama lami. Ndilo neno lililowapa Wazungu jina la maiti zilizohifadhiwa za Misri. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza dawa hiyo, na pia imani ya watu kwamba ni damu iliyoganda ya waliouawa kwa ajili hiyo, na hofu iliyoingia mjini uvumi ulipoenea. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alivikusanya visa vya namna hii vya Uganda, Kenya na kwingineko, vikiwemo vya wazimamoto, akavitumia kama ushahidi wa historia ya enzi za wakoloni. Yeye aliviita visa vya vampaya kwa Kiingereza. Kurudi kwa njia ile ile si rahisi. Mumiani wetu ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara. Huchukua damu ili iuzwe au itumiwe na wakubwa. Dracula ni mfu na ni bwana. Hunywa mwenyewe, katika nyumba yake. Tukimwita mumiani, msomaji wa Dar es Salaam atatafuta gari na sindano, na kasri halitamwogofya.

Mnyonya-damu je? Neno ni jepesi, na lalingana na lile la Kijapani. Lakini tangu siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni mtu wa majukwaani, ndugu yake kupe. Kumwita Dracula hivyo kwafanya kila ukurasa uwe hotuba. Kuna atakayesema Dracula, akiwa mtawala mkubwa, alistahili jina hilo. Huenda, lakini Andreyko hakuandika hivyo, na kazi ya mfasiri si kumtungia mwandishi siasa.

Mimi ningechagua mfu mnywa-damu mara ya kwanza, na baadaye mnywa-damu peke yake. Kunywa hakuna deni la siasa, na neno huingia bila ubishi katika ngeli ya watu: mnywa-damu huyu, wanywa-damu hawa. Mumiani halina utulivu huo, kwani dawa husemwa “mumiani hii” na mchinjaji “mumiani huyu”. Vampaya, litokalo katika filamu, liachiwe mazungumzo ya vijana wa leo. Kulitia kinywani mwa mwanakijiji wa mwaka 1576 ni kumvisha saa ya mkononi. Labaki jina la mjeledi wa akina Belmont, ambalo kwa Kiingereza lasema waziwazi kwamba ni muuaji wa viumbe hao. Muua-wanywa-damu ni mzigo ambao hakuna kisanduku cha picha kitakachoubeba, na hapo ningekata neno la katikati, nikaandika Mwisho-wa-Damu.