Wakulima wawili, jina moja

Tuseme mradi wenu ni tovuti ya mazao. Wakulima wa Busunzu, Kibondo, wamewekwa kwenye klasi Mkulima. Wa Kasulu nao wana klasi Mkulima. Ukiziita zote mbili kwenye faili moja, PHP inagoma: jina limeshachukuliwa. Dawa ilikuja mwaka 2009, PHP 5.3 ilipoleta namespace, yaani ukoo wa majina:

use Kibondo\Mkulima;
use Kasulu\Mkulima as MkulimaKasulu;

Hapo kila mtu na kwao.

Sasa wengi wanakwama hapa: use haileti faili, inafupisha jina tu. Faili huletwa na autoload ya Composer, nayo hulitafuta kwa jina la klasi, herufi kwa herufi. Laptop ya Windows haijali kama umeandika mkulima.php au Mkulima.php; seva ya Linux inajali sana. Ndiyo maana mradi unapita bwenini, halafu unakufa siku ya kuwasilisha.

Kwa hiyo, wadau: use zote zikae juu ya faili kwa mpangilio wa alfabeti, zisizotumika zifutwe, na mradi ujaribiwe kwenye Linux mapema.